Anayesikia Mashine Ikichechemea

Saa moja asubuhi, zamu ya kwanza imeanza. Mwanamke wa miaka arobaini na sita anapita kati ya mashine kumi na mbili za kufuma vitambaa. Macho yake yanasaka uzi uliokatika. Mashine zenyewe ameyaachia masikio.

"Kusema kweli sizisikii," anasema wakati wa chai, akicheka. "Kitu kilekile kutwa nzima, sikio linakizoea, linakiacha kipite. Ila kikikosea tu, nashtuka kama nimeitwa jina."

Kiwandani wanamwita Sikio. Jina hilo halikuja bure.

Miaka mitatu iliyopita alikuwa akiunga uzi kwenye mashine ya nne aliposikia ya tisa imebadilika. Kila baada ya mapigo matatu, la nne lilichelewa kidogo. Shoga yake alikuwa ameinama kando ya mashine hiyo, akifagia vumbi la pamba. Sikio alikimbia, akabonyeza kitufe chekundu.

Msimamizi akaja juu. "Nani kakutuma kuizima?"

"Inachechemea, mkubwa."

"Mashine ichechemee! Ina miguu?"

"Mwite fundi. Akisema ni nzima, mimi nafunga virago leo hii."

Fundi alifungua kifuniko. Bolti iliyoshika mkono wa chuma ilikuwa imelika, imebaki nyembamba kama kijiti cha kiberiti.

"Mkono ule ungefyatuka, ungenipata kichwani," anasimulia shoga yake. "Nilikaa sakafuni. Yeye akaniletea maji, kisha huyoo, akarudi kwenye uzi wake."

Tangu hapo, mfanyakazi akisema mashine inachechemea, inazimwa kwanza, maswali baadaye.

Kazi humfuata hadi nyumbani. Jumapili akifua, mikono hushika mwendo wa mashine bila yeye kujua. "Mke wangu, unafua au unafuma?" humtania mumewe.

Lakini kelele za miaka kumi na tisa hazikumwacha salama. Mwaka jana daktari alimwambia sikio la kushoto limepungua nguvu.

"Sikulia. Niliogopa kitu kimoja: mashine ikosee nami nisijue."

Siku hizi huigusa kila mashine kwa kiganja, asikilize mtetemo. Na amemwomba msimamizi nusu saa kila wiki awafundishe wafanyakazi wapya sita. Amekubaliwa, wanaanza mwezi ujao.

"Nitawafumbisha macho, fundi alegeze mkanda mmoja, waniambie ni wa mashine ipi," anasema. "Na vizibo vya masikio wavae tangu siku ya kwanza. Sisi tulivipata baada ya miaka kumi. Wasiogope, pigo lililokosea litapenya tu."