Mziwanda Anakwenda Kupima

Walimwita mwanamke huyo Mziwanda kwa sababu ndiye aliyefunga tumbo la mama yake, na jina likamganda hata mvi zilipoanza kumtoka. Alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilinuka gundi na sponji mpya, naye alifanya kazi huku ameng'ata misumari midogo, hivyo mteja aliyetaka kubishana alibishana peke yake.

Kwao kulikuwa na kitu walichokiita tumbo la ukoo. Baba alikufa nalo: macho ya njano, tumbo limejaa kama ngoma, mikono imebaki mifupa. Miaka ikapita, kaka wa kati akafuata njia ileile. Safari hii daktari, mama mmoja mfupi asiyejua kupaka maneno sukari, aliwaita ndugu nje ya wodi.

"Ndugu yenu ana saratani ya ini, na tumeigundua kwa kuchelewa," akasema. "Imeanzia kwenye homa ya ini. Virusi vyake hupita kwa damu, na mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kumzaa. Mtu hukaa navyo miaka na miaka bila kuumwa hata kidole. Njooni mpime, nyote."

Kaka mkubwa, ambaye tangu baba afariki ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho nyumbani, aliitikia kwa adabu zote. Walipovuka geti akageuka.

"Yaliyosemwa mle yabaki mlemle. Ugonjwa ukitafutwa unakuja. Sitaki mtu aende kumvuta chatu mkia."

Mziwanda alimzika kaka yake wa kati, akamaliza matanga, kisha akaenda kupima. Virusi alikuwa navyo.

"Huna saratani," daktari akamwambia, "ila tutaivizia kabla haijakuvizia. Kila nusu mwaka tutachukua damu tuangalie protini moja. Ini likiota saratani, mara nyingi protini hiyo hupanda. Nimesema mara nyingi, si kila mara, ndiyo maana tutapiga na picha ya ultrasaundi."

Basi kila nusu mwaka Mziwanda alifunga karakana, akavaa gauni lenye mikono mipana, akaenda. Mtaani wakacheka. Mtu mzima, mwenye nguvu za kubeba kochi mgongoni, eti mgonjwa! Kaka mkubwa ndiye ambaye hakucheka.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alimwambia siku moja, amesimama mlangoni mwa karakana.

Mziwanda akatema misumari kiganjani. "Ndiyo maana naitafuta dawa kaka, kabla sikio halijafa."

Kisha likaja jibu ambalo daktari hakulisoma haraka. Protini ilikuwa imepanda. Wakarudia kipimo, ikawa imepanda zaidi. Ultrasaundi ikaonyesha doa, na picha ya mashine kubwa ya CT ikathibitisha: uvimbe wa saratani, mdogo kama harage, umekaa ukingoni mwa ini.

Mziwanda alilia palepale kwenye kiti, bila kuficha uso. Alipomaliza akauliza, "Unakatika?"

"Unakatika. Ungengoja tumbo likuume, ningekupa jibu jingine."

Nyumbani kukawaka moto. Kaka mkubwa alikusanya ndugu sebuleni, kwenye makochi ambayo Mziwanda mwenyewe aliyashona.

"Kisu hakiingii kwenye mwili wa dada yangu," akasema. "Saratani ikiguswa na kisu inasambaa."

"Baba aliguswa na kisu?" Mziwanda akauliza.

"Hapana."

"Yuko wapi?"

Mziwanda akasimama. "Mdogo wetu, mdogo wetu, kila siku. Haya, mdogo wenu anakwenda kupasuliwa. Anayetaka kuniombea aniombee, anayetaka kununa anune, ila asinishike mkono."

Akapasuliwa. Siku za mwanzo maumivu yalimfanya aitukane hata shuka. Walikuwa wametoa kipande cha ini na kile kiharage ndani yake. Alipopata nguvu alirudi karakana, akakatazwa kunyanyua makochi, akawa ananyanyua matakia na kulalamika. Daktari hakumdanganya: saratani inaweza kurudi, kwa hiyo upimaji unaendelea.

Kaka mkubwa alitaka wasome dua ya shukrani, mambo yaishe. Ndugu walipojaa, Mziwanda akainuka kabla ya chakula. Akautamka ugonjwa kwa jina lake, mbele ya wakwe na majirani. Akasema baba alikufa nao, kaka alikufa nao, na yeye ulimkuta akiungojea na rungu. Asiye na virusi achanjwe, mwenye navyo afuatiliwe.

"Unatuvua nguo!" kaka mkubwa akafoka.

"Nawavua sanda, kaka."

Wiki iliyofuata walikwenda kupima, wachache kwanza, kisha wengi. Kaka mkubwa alikwenda wa mwisho, amevaa kofia hadi kwenye nyusi kana kwamba muuguzi angemtambua kwa paji la uso. Alikutwa na virusi. Alikaa ndani siku kadhaa. Kisha akampigia simu dada yake.

"Hiyo sindano yenu ya nusu mwaka," akaanza, "inauma?"

"Inauma, kaka."

"Basi nipitie twende wote. Na usimwambie mtu."

"Nitamwambia kila mtu," akasema Mziwanda, akaenda kumchukua.