Mwanne na Maji ya Msimbazi

Nyumba ya Bi Thuraya haipo tena. Pale ilipokuwa, bondeni mwa Mto Msimbazi, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka Kariakoo, sasa ni nyasi na kifusi. Nilipanga humo miaka saba, na sijapata kuishi vizuri vile mahali pengine.

Chumba cha jirani yangu kilikuwa cha Mwanne, fundi cherehani kutoka Lindi. Magauni yake ya harusi yalijulikana Kariakoo nzima. Akicheka yeye, watu wa mtaa wa pili huuliza kuna nini. Jumapili alipika wali wa nazi, tukala sinia moja uwani, Waislamu kwa Wakristo. Bi Thuraya, mwenye nyumba wetu, mama wa Kiarabu aliyestaafu uuguzi, alikuja kuonja. "Nazi imezidi," alisema kila mara, huku anachota tena.

Mwaka wangu wa saba humo, mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya siku ya nne mto ukafurika, tukakimbilia juu barabarani. Mwanne peke yake akarudi. Gauni la Stella, bibi harusi wa Jumamosi, lilikuwa bado limetundikwa ukutani. Nilimwita, hakugeuka. Maji yalimzoa pale pale mlangoni. Nikauona mkono wake mara moja tu, kisha basi.

Shukuru, mwashi wa nyumba ya pili, alijifunga kamba kiunoni, tukaishikilia, akaingia. Alipomtoa, dakika tatu au nne zilikuwa zimepita. Midomo imekuwa ya bluu, hapumui. Watu wakaanza kumwinua miguu ili wamning'inize kichwa chini, wengine wakitaka kumkamua tumbo.

"Mwacheni!" Bi Thuraya alipiga kelele. "Huyo si nguo ya kukamua. Mlazeni chali."

Akamgusa shingoni. "Moyo bado unapiga." Akamwinua kidevu, akambana pua, akampulizia pumzi mdomoni. Akapuliza tena na tena, jasho na mvua vikimtiririka, mpaka Mwanne akakohoa na kutapika maji ya matope. Tulishangilia kama watu wa mpira.

Nusu saa baadaye alikuwa ameketi, kajifunika khanga, anaulizia gauni.

"Nimepona, mama. Niacheni nikaangalie cherehani yangu."

"Hujapona," Bi Thuraya akamjibu. "Tunaenda hospitali."

"Kufanya nini? Maji si nimeshayatapika?"

"Uliyotapika ni ya tumboni, mwanangu. Ya mapafuni hayatapikwi."

Tulimpeleka. Nakiri nilinung'unika moyoni, maana mtu alikuwa anatembea na kuongea. Lakini kufika adhuhuri alianza kukohoa, kisha akatoa povu lenye wekundu. Kifua kilipanda na kushuka kama mtu aliyekimbizwa. Wakamwekea oksijeni haraka.

Daktari alitukuta koridoni tukilia. Alituambia kwamba mapafu yana vifuko vidogo vingi vya hewa, na kila kifuko kimepakwa utando laini kwa ndani unaokizuia kisijifunge. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi kama haya ya mto, huuharibu utando huo.

"Hapo vifuko vinanata kama mfuko wa nailoni ulioloa," alisema. "Maji yenyewe yananyonywa upesi yakaingia kwenye damu, kwa hiyo hata ukimkamua huyapati. Damu inapita mapafuni, lakini hewa haipati. Mtu anaweza kuamka akaongea vizuri, halafu saa chache baadaye akabadilika. Mngemwacha nyumbani, mngempoteza."

Nikamtazama Bi Thuraya. Alikuwa anavuta tasbihi.

Uchafu wa mto ulimletea Mwanne nimonia, akalazwa siku kumi na sita. Jumapili, siku ya pili ya harusi, Stella alikuja wodini amevaa gauni aliloazima kwa binamu yake, maana lake lilikwenda na maji, mumewe nyuma ameshika pindo lisiburuzike. "Dada, nilitaka unione." Mwanne akaanza kucheka, kikohozi kikamkata, akalia.

Alipotoka hakukuwa na pa kurudi. Kuta za nyumba zilikuwa zimeanguka, wapangaji tumetawanyika, mimi Buguruni, wengine nje ya mji kabisa. Sasa Mwanne ana chumba chake cha kushonea, ghorofa ya tatu, Kariakoo. Ngazi zile hazimalizi bila kupumzika.

Kila Idi tunaenda Ilala kwa binti yake Bi Thuraya, ambako mama anaishi siku hizi. Macho yamefifia.

"Shikamoo, mama," Mwanne husema, akiinama.

"Marahaba. Geuka kwanza." Bi Thuraya humwekea sikio mgongoni, mbele ya wageni wote. "Pumua. Tena."

Akiridhika, humwachia aketi, na mpaka magharibi tunakaa tukiwataja watu wa ile nyumba, chumba kwa chumba.