Wawili Mbele ya Kioo Kimoja

Sauti ilitangulia. Mtu alikohoa, akasema, "Mawakili wenzangu, mnanisikia?" Nasi, tulioketi bega kwa bega mbele ya kioo cheusi cha kompyuta, tukaitikia pamoja kama watoto wa chuo cha Kurani, "Tunakusikia!" huku tukijua kipaza sauti chetu kimezimwa. Kisha picha ikaja vipande vipande: tai kwanza, halafu kidevu, mwisho macho.

Ilikuwa semina ya mwisho ya mwaka. Kwetu wakili hasomi sheria mara moja akatosheka. Kila mwaka sharti ahudhurie mafunzo na kukusanya pointi, na asiyetimiza pointi hapewi leseni ya mwaka unaofuata. Bila leseni huwezi kusimama mbele ya hakimu. Mimi nilibakiwa na semina ile tu. Na mwanzo wa mwaka uliofuata nilikuwa na kesi ya bi mkubwa mmoja wa Kipungani, msusi wa mikeka, ambaye shamba lake la minazi lilidaiwa na kampuni iliyotaka kujenga hoteli.

Shoga yangu naye ni wakili. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani hapa Amu, ambayo watu wa bara huiita Lamu, jamvi moja, tukaenda bara kusomea sheria, tukarudi kukodi chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, ambako mimi usiku huandika riwaya. Mtandao wa mtaa wetu haubebi kompyuta mbili. Ukifungua ya pili, zote huganda. Kwa hivyo tulizoea kufungua moja. Mmoja wetu huingia kwa jina lake, na mwisho wa semina humtaja aliye naye ili wote wawili wahesabiwe. Siku ile zamu ilikuwa yake.

Mwenye mada alikuwa akieleza namna ya kupatanisha watu nje ya mahakama. Akafungua mdomo, akabaki vile vile.

"Ameganda kama kamba wa Kizingitini kwenye barafu," nikasema.

"Mwate," akajibu shoga yangu, yaani nimwache. "Barafu ikiyeyuka atasema."

Tukacheka mpaka machozi. Nakikumbuka sana kicheko kile. Nimekigeuzageuza nikitafuta ufa ndani yake, na hadi leo sijauona.

Semina ikikaribia kwisha, mlango ukabishwa. Alikuwa bi mkubwa wa Kipungani, buibui lake limelowa maji ya bahari, kakumbatia mkeka. "Huu wenu nyote wawili, wanangu," akasema, akautandika mwenyewe. Nikaketi naye chini. Kwa mara ya kwanza akanieleza kila kitu: mnazi upi alipanda mamake, kisima kiko wapi, na jirani yupi aliyeona mipaka ikiwekwa angali hai lakini anaogopa kusema. Nyuma yetu shoga yangu alikuwa bado mbele ya kioo, na vile vidude vya kusikilizia vi masikioni.

Bi mkubwa alipoondoka nikamuuliza, "Umenitaja?"

"Yina lako nimetia, bibi we. Waniuliza kama hunijui?"

Nikamwamini.

Majuma yakapita. Nilipoomba leseni, mtambo ukakataa: pointi hazijatimia. Nikapiga simu kwa waandalizi wa semina. Aliyenijibu alikuwa mwanamke mpole wa bara, na upole wake ndio ulioniumiza.

"Wakili, ninamkumbuka mwenzako. Tunajua shida ya mtandao huko kwenu, kwa hivyo nilimuuliza mwenyewe kama yuko na mtu. Nikarudia kumuuliza. Akasema yuko peke yake."

Ningeweza kulalamika, akaniambia, lakini uamuzi huchukua muda. Na semina nyingine ingekuja baada ya kesi kusikizwa.

Nilipoingia ofisini, shoga yangu alikuwa akipanga vitabu vyake ndani ya sanduku. Hakushtuka. Nadhani alikuwa ameniandalia majibu, kama tunavyoandaa mashahidi.

"Ulisema uko peke yako," nikamwambia.

"Kampuni ya hoteli imenipa kazi." Aliendelea kupanga. "Si kesi ile tu. Kazi zao zote, mpaka za kisiwani Manda. Nimekodi mahali pengine."

"Kwa hivyo ulitaka nisiwepo."

"Mwaka moya tu. Mahakama itampa bi mkubwa muda atafute wakili mwengine."

"Atampata wapi? Na ulikuwa hapa, shoga! Alipomtaja yule jirani ulikuwa umeketi pale!"

"Nilikuwa na semina masikioni. Sikusikia kitu."

"Mwenye mada alikuwa ameshaaga."

Hapo ndipo aliponitazama. Nilidhani ataomba radhi, na Mungu anisamehe, nilikuwa tayari kumpa.

"Wewe una riwaya zako," akasema polepole. "Ukikosa mahakama utaandika. Watu wakusifu, wakualike. Mimi sina kingine. Mimi nina kazi hii tu."

 

Akachukua kompyuta, akaiweka juu ya vitabu, akabeba sanduku. Akauruka mkeka wa bi mkubwa kwa uangalifu, asiukanyage. Mlango wa ofisi yetu umevimba kwa unyevu, na mgeni akiuvuta hugonga mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Ni sisi wawili tu tulioijua dawa yake: kuunyanyua kidogo, kisha kuuvuta. Akaliegemeza sanduku nyongani, akaunyanyua, akauvuta. Mlango ukafungwa nyuma yake bila sauti.