Bofu, kwa Ajili ya Kibali cha Zuhura

Nisingekwenda Mombasa mwaka huu kama si simu ya dada yangu Mwanakombo. Alinipigia Jumapili mchana, nikiwa karakanani kwangu hapa Tanga napiga randa, akaniambia chuo anachosoma binti yangu Zuhura kimezuia pasipoti yake. Kibali chake cha mwanafunzi kinakwisha mwezi ujao, na msajili hamwandikii barua ya kukiongeza mpaka amwone mzazi, Jumatano saa tatu. Kuna maneno yamesemwa juu yake. Maneno gani? Simu ikakatika. Zuhura amebakiza muhula mmoja tu awe muuguzi, na bila barua ile anarudi nyumbani mikono mitupu.

Mnanijua, hasira zangu ziko karibu. Nikadhani wamemsingizia mwanangu utovu wa adabu. Jumatatu asubuhi nikaenda kwa mwenyekiti wetu wa mtaa aniandikie barua, na maneno nikamtajia mwenyewe: kwamba Zuhura ni binti wa heshima, mchapakazi, na tangu afike Mombasa hali cha watu bure, bali hufanya kazi kila siku katika biashara ya shangazi yake. Mwenyekiti akagonga muhuri. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, roho ikatulia kidogo.

Jumanne alfajiri nikapanda basi. Mpakani tukashuka sote na pasipoti zetu. Afisa wa upande wa Kenya akaniuliza nakwenda kufanya nini, nikamwambia matembezi, kwa dada yangu, akanigongea muhuri wa matembezi. Kutoka Lungalunga mpaka Ukunda sikusema na mtu. Mama mmoja niliyekaa naye alinikaribisha chungwa nikakataa, na hiyo si kawaida yangu.

Saa saba mchana nilikuwa Likoni, na muda si muda Bofu, mtaa wa dada yangu. Dada yangu ni mjane, anakaanga na kuuza viazi vya karai kwenye kibanda mbele ya nyumba yake, na mtaa mzima unamjua kwa ukwaju wake. Zuhura alinipokea mkoba mlangoni. "Shikamoo Baba," akasema, na macho yamemvimba.

Tulipokwisha kula ndipo nikaelezwa. Mwanafunzi mwenzake alimpiga picha, kajifunga aproni, kasimama kwenye karai, akaitia kwenye kundi la simu la darasa lao kwa mzaha. Picha ikatembea mpaka kwa msajili. Kumbe kibali cha mwanafunzi mgeni kinakataza kazi, ya malipo au isiyo na malipo, bila ruhusa ya maandishi. Zuhura akanionyesha nakala ya fomu ya kibali. Sharti lile lipo, kwa Kiingereza, na chini yake saini yangu mwenyewe.

Nikacheka kwa hasira. Kumsaidia shangazi yake, tena anayemlaza na kumlisha, ndiyo kazi? Kwetu mtoto akilelewa nyumba ya watu akakaa kitako, aibu ni ya nani kama si ya baba yake? Nikawaambia wasiwe na wasiwasi, nikatoa barua.

Mwanakombo akaisoma. Akairudia. Akamtazama Zuhura, kisha akanitazama mimi.

"Kaka," akasema, "kwa hii barua umekuja kumfukuzisha mwanao."

Ndipo akili ikanijia. Dada alitaka tuichome pale pale. Kesho yeye angesema Zuhura alimpokea mwiko siku moja tu, shangazi yake alipokuwa na homa, na sisi wawili tuitikie. Nikakataa kuichoma, basi tu, kwa ukaidi, lakini nikakubali kunyamaza. Zuhura akakusanya vyombo akatoka. Usiku ule sidhani kama kuna aliyelala.

Jumatano asubuhi jirani akatuchukua kwa gari lake. Tukashika njia ya Dongo Kundu, tukatokea Miritini kwenye malori yaliyopanga foleni, chuo kiko mbele kidogo. Mwanakombo njia nzima alikuwa akirudia maneno yake kwa sauti ya chini. Mimi barua ilikuwa inaniwasha mfukoni.

Msajili ni mama wa bara, mpole wa sauti, na nilimwogopa zaidi kwa upole ule. Pasipoti ya Zuhura ilikuwa mezani mbele yake. Dada akasema yake: homa, siku moja, wallahi. Moyo ulinipasuka kumsikia akiapa kwa ajili yetu. Msajili akaandika, kisha akanigeukia.

"Mzee, ni hivyo?"

Nikamtazama Zuhura, naye akasimama.

"Si hivyo, madamu. Nafanya kila siku nikitoka darasani, tangu mwaka wa kwanza. Shangazi hajanilazimisha, wala hanilipi. Amesema vile kwa kunionea huruma tu."

Mwanakombo akajifunika uso kwa leso. Msajili akaivuta pasipoti upande wake, akasema basi hana la kuandika. Pale ndipo nilipojua siwezi kumwacha mtoto abebe peke yake jambo nililomtwika mimi. Nikaiweka barua mezani. Nikamwambia, amri ilikuwa yangu. Siku namuaga pale stendi nilimwambia asile cha shangazi yake bure, na fomu niliitia saini bila kuisoma.

Alisoma barua polepole, mpaka muhuri. Akaniuliza kama nilikuja nayo nikijua ilivyo. Nikamwambia niliileta kwa fahari, na tangu jana naiona haya. Mwisho akasema ataandika kibali kiongezwe, pamoja na onyo ndani ya faili. Zuhura akionekana tena pale kibandani, hata ameshika sahani ya mteja, yeye hatakuwa na la kumsaidia.

Jioni ile Bofu wateja walikuwa wengi. Zuhura alikaa kwenye kiti ndani ya mlango, mikono mapajani, akimtazama shangazi yake akikaanga, akichota ukwaju, akirudisha chenji, peke yake na umri ule. Mara mbili aliinuka, mara mbili Mwanakombo akamkaripia akae. Nikaona siwezi. Nikakunja mikono ya shati, nikauendea mwiko.

"Baba," Zuhura akaniita. "Na wewe umeingia kwa matembezi. Kaa."

Nikakaa. Dada yangu akatuletea sahani mbili, moto moto, akatuwekea kwenye stuli, akarudi kwenye moshi wake. Hakuna chakula kilichowahi kunikwama kooni kama kile, na nilikula chote.

Alhamisi nikarudi. Enyi mnaotaka kupeleka watoto ng'ambo, someni karatasi kabla ya saini, na kama Kiingereza kinawashinda kama mimi, mtafuteni wa kuwasomea. Hilo ni rahisi. Gumu ni hili nililomwambia mwanangu pale mlangoni wakati naaga: kula cha shangazi yako, mama, ushibe, usome.