Ile Nafasi Katika Jina la Mwanahamisi

Mpaka sasa naona kama nimesikia vibaya. Shoga yangu Mwanahamisi katutoka, kazikwa jana Pangani baada ya adhuhuri. Mimi swali langu nimwulize nani sasa?

Ninyi mliomjua uzeeni, ngojeni niwaambie.

Miaka ya hamsini tulikuwa wasichana. Yeye akiuza samaki wa kukaanga nje ya soko, jua lake, mvua yake. Meza za ndani walipewa wanaume, na mwenye meza ndiye aliyeingia kikao cha soko.

Mwanahamisi aliitaka meza. Si kivuli tu, jamani! Alitaka kusema ndani ya kile kikao.

Yeye alisoma chuoni, kwenye Kurani, herufi za Kiarabu. Za Kizungu nilizijua mimi. Akaniita nimwandikie barua ya maombi.

"Andika Mwana. Inua kalamu. Haya, sasa andika Hamisi."

"Mbona unalikata jina?"

"We andika, shoga. Maswali baadaye."

Jibu likaja na muhuri: Bwana Mwana Hamisi, umepewa meza. Karani alikuwa mgeni, katoka bara. Kasoma mwana wa Hamisi, akadhani ni mwanamume.

Siku ya kikao akaingia na buibui lake. Mimi nachungulia mlangoni.

"Bibi, tunamngoja Bwana Mwana Hamisi," karani akasema.

"Ndiye mimi. Hilo Bwana mmelitia wenyewe."

Mwenyekiti, mzee wa papa hapa, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Karani, umepatikana! Huku kwetu hilo jina la kike."

Mjumbe mmoja akataka meza irudishwe. Mwenyekiti akasema muhuri ukishapigwa umepigwa.

Akakaa. Neno lake la kwanza: "Na wenzangu walioko nje?" Haikupita muda, watatu wakaingia ndani.

Siku hizi mngeiita strategy. Mimi sijui! Nimemwuliza miaka yote: ulikusudia, au ulikuwa unanitajia polepole tu?

Mwezi uliopita nikamwuliza tena, yuko kitandani. Akanitazama, akacheka kidogo. "Meza tulipata, hatukupata?"

Khaa! Mwanamke huyu! Kaondoka na jibu lake, na mimi nalia huku nacheka.

Kwenye matangazo ya msiba wameliandika jina lako pamoja. Mimi hapa kwenye simu naliandika ulivyoniambia. Mwana. Nainua kidole. Hamisi.

Mungu akulaze pema, shoga yangu. Lala, Mwana Hamisi. Meza tulipata.