Mtu Wetu wa Habaswein

Juzi nilikuwa nafagia chini ya kabati, kifuniko cha soda kikachopoka kwenye ufagio, kikazunguka na kulia juu ya sementi kama kengele ndogo, kisha kikalala chali. Wengine wakisikia sauti hiyo hushikwa na kiu. Mimi huiona barabara yote kutoka Nairobi hadi Mandera, mji baada ya mji, nami nimesimama pale pale na ufagio mkononi. Hivyo ndivyo ninavyopenda kusafiri.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alipakia unga, sukari na mafuta ya kupikia Nairobi, akalala kwetu Garissa, mtaa wa Waberi, siku moja au mbili, kisha akashika njia ya Wajir, Buna, mpaka Bute. Kazi ile, ukiniuliza mimi niliyeisikia tu, nusu yake ni kuendesha na nusu ni kungoja: tairi lizibwe, mto ukauke, mwenye mzigo aamke. Kila dereva alikuwa na lake la kupitishia wakati. Kuna waliolala chini ya lori midomo wazi. Kuna waliotafuna miraa wakisimulia ajali ambazo hazikutokea. Mmoja alifuma sweta kwa sindano mbili kama nyanya yangu, na hakuna aliyemcheka, maana ngumi zake nyinyi hamkuziona.

Baba alikuwa mtu wa dama. Alikata kibao cha mbao, akakipaka rangi iliyobaki baada ya kupaka bodi ya lori, na katika kila nyumba nyeusi akaandika jina la mji. Safu ya kwanza, upande wake, ilikuwa Nairobi, Thika, Matuu na Mwingi. Ukipanda unapita Garissa, Modogashe, Habaswein, Wajir, Buna. Safu ya mwisho, kule unakogeuka kingi, yaani mfalme wa mchezo, kulikuwa na Mandera. Kete zilikuwa vifuniko vya soda: vya baba vimelala chali, vya mpinzani wake vimelala kifudifudi. Kibao cha pili, chenye majina yale yale, alikichora kwenye kipande cha katoni, akakaa nacho kwenye lori.

Majina yale yalikuwa na kazi. Baba akiwa safarini, kila alipofika penye mtandao alipiga simu, na baada ya kumuuliza mama kama tumekula, aliniita mimi. "Toa yule wa Modogashe, mpeleke Habaswein." Nilimpeleka. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa kibao. Kazi yenyewe ilikuwa kukifunika kwa ungo mbuzi wasikipindue, lakini nilitembea shule nzima kwa majivuno. Nilipofika darasa la sita, mwalimu wa jiografia alituambia tuchore ramani ya mkoa wetu. Nilichora miraba. Alinipa sifuri, na hadi leo naamini alinionea.

Mpinzani wa baba alikuwa jirani yetu, Adeer Bulle. Adeer ni baba mdogo kwa Kisomali. Sisi tulimwita hivyo, naye, kama ilivyo desturi yao, alituita adeer vilevile, kwa hiyo tukikutana ilikuwa adeer huku na adeer kule kama mwangwi. Alikuwa dereva miaka mingi kabla ya baba, ndiye aliyemfundisha njia ile, mpaka mgongo ukamkatalia. Sasa aliuza dukani kwa mwanawe, na kila jioni baada ya swala ya alasiri alikuja barazani kwetu, mswaki wa mti mdomoni, akaangalia baba amecheza nini kutoka huko aliko, akajibu kwa kete moja, akanywa chai yenye tangawizi, akaenda. Mchezo mmoja uliweza kuchukua wiki mbili.

Mwaka mmoja, nikiwa na miaka tisa, walicheza kwa ajili ya kiti. Utingo wa baba alipenda kukaa juu ya mzigo, hivyo kiti cha mbele kilikuwa wazi. Baba alikuwa amemwambia Adeer waende pamoja Buna akamwone dada yake, ambaye hakuwa amemwona tangu aache usukani. Adeer alikataa.

"Mimi siyo gunia ya sukari, nabebwa bure," alisema. "Mimi nilikuwa nabeba watu."

"Basi tukishindanie," baba akasema. "Ukishinda, kiti ni chako. Nikishinda mimi, likizo ya Agosti nampeleka huyu mama yangu kwa shangazi yake Wajir." Mama yangu ni mimi, nimepewa jina la mamake.

Watu wa nyumbani wakapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga, kwa sauti kubwa kuliko wote, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kulia.

Ngoja niwaambie ukweli ambao sikumwambia mtu. Sikutaka kwenda popote. Sikuwahi kulala juu ya mkeka usio wangu. Niliogopa choo cha watu, uji wa watu, na shangazi, ambaye alikuwa mwalimu na alisahihisha hata salamu. Baba alipenda kunitania, "Mkaa bure si sawa na mtembea bure," nami moyoni nikisema, mkaa bure angalau anajua choo kiko wapi. Lakini ningesemaje? Tayari nilikuwa nimewaambia wenzangu darasani kwamba nitawaletea maziwa ya ngamia ya Wajir, na wawili walikuwa wamenipa chupa.

Baba akaondoka, mchezo ukaenda, na kwa bahati mbaya yangu akawa anashinda. Ikafika siku ambayo hata mtoto angeona: hatua mbili zaidi na Adeer angekwisha. Kilichomzuia Adeer kilikuwa kifuniko kimoja tu cha baba, pale Habaswein, kimesimama nyuma ya mwenzake wa Wajir kumlinda mgongo.

Mama alikuwa sokoni. Niliinua ungo. Mkono wangu, naapa ulienda wenyewe, ukamtoa yule mtu wa Habaswein ukamweka Buna. Nikafunika, nikakaa juu ya ndoo, nikaanza kuimba wimbo wa kanisani.

Adeer alikuja. Akafunua, akainama. Mswaki ukasimama mdomoni. Akaangalia kibao, akaniangalia mimi, akaangalia kibao.

"Adeer," akaniita taratibu. "Baba yako amebiga simu leo?"

"Hapana, adeer."

"Haye." Akakaa hata chai ikafanya utando. Macho yake hayakuwa kwenye kibao. Yalikuwa yanatazama upande wa barabara ya Wajir. Kisha akanyoosha mkono. "Kwa dama, kitu ikiwa wazi, lazima ukule. Ni sheria. Mimi siwezi funja sheria." Akala Wajir, akatua Habaswein, akaruka tena akala Modogashe, akaendelea hivyo mpaka baba, ukiacha yule wa Buna, akabaki na vifuniko viwili, Thika na Matuu, vikitazamana kama wafiwa. "Sasa wewe beleka habari kwa baba."

Baba alipiga magharibi. Nilisikia injini ikinguruma nyuma yake na mtu akiitisha chai.

"Amekula Wajir, baba. Akaingia Habaswein."

"Habaswein si kuna mtu wetu?"

"Alihama, baba."

"Alihamia wapi?"

"Buna."

"Kufanya nini?"

Nikasema, "Sijui, baba. Hakuaga."

Simu ikanyamaza. Nikafikiri ni mtandao, kumbe sasa najua alikuwa ameweka mkono mdomoni kuzuia kicheko. Mwishowe akasema, "Basi. Mtu mzima akihama, utamfanyaje? Mwambie Adeer afue kikoi chake."

Adeer Bulle alikwenda Buna mwezi wa nane. Aliondoka asubuhi amevaa kofia mpya, amekaa wima kwenye kiti kile kama bwana harusi, mgongo haumuumi hata kidogo, akimwonyesha baba njia ambayo baba alikuwa ameipita mara mia. Aliporudi baada ya siku tisa alinijia jikoni, akaniwekea kitu kiganjani. Kilikuwa kifuniko cha soda, chenye kutu ukingoni.

"Nimemkuta Buna," akasema. "Yule mtu wenu. Anasema hasira hana, lakini asihamishwe tena bila ruhusa."

Nilidhani nitakufa kwa aibu. Sikuhamisha kete tena maishani, na kwa miaka mingi niliamini mimi ndiye mdanganyifu wa pekee wa mtaa wa Waberi.

Baba amestaafu sasa, anakaa kwangu. Juzi nilipookota kile kifuniko chenye kutu chini ya kabati, nikampelekea barazani. Alikitambua mara moja, akacheka hadi akakohoa.

"Unajua nilivyoteseka mchezo ule?" akasema. "Wiki mbili natafuta namna ya kushindwa, na yule mzee asijue. Kila nikimfungulia njia ya kufika kingi, anaikataa, anapita pengine. Alinusa. Nikasema, basi, nitamshinda, na dada yake hatamwona. Halafu wewe ukamhamisha mtu wetu."

"Kwa hivyo ulijua Adeer alijua ni mimi?"

"Alijua. Lakini mtoto akikuwekea chakula mezani, huwezi kumwambia hukitaki. Huo haukuwa msaada wangu tena. Ilikuwa sheria ya dama."

Nikamuuliza kama alijua pia kwa nini nilifanya vile. Alinitazama, akaitazama nyumba yangu, ambayo iko hatua arobaini kutoka ile niliyozaliwa.

"Mama," akasema, "wewe hata Wajir bado hujafika."

Ni kweli. Lakini mtu wetu ameshafika Buna, na ndiye aliyempeleka Adeer. Nimemrudisha Habaswein, juu ya kibao, chini ya ungo.