Kiraka na Kengele ya Jokofu la Chanjo

Saa tatu asubuhi, Kiraka ameinamia bakuli la barafu kwenye meza ya zahanati. Anamimina chumvi, anakoroga, kisha anatumbukiza waya wa kupimia joto. Asiyemjua angedhani anatengeneza aiskrimu. Kumbe ni mwandishi wa programu, na leo roho iko juu.

"Chumvi inaishusha barafu chini ya sifuri," anaeleza. "Na huko chini ndiko nilikoharibu."

Ana miaka thelathini na minne. Kazi yake ni kuchukua programu iliyoandikwa kwenye kompyuta moja na kuifanya ikubali kwenye nyingine, na kompyuta nazo zina maringo. Kila moja ina maktaba ya fanksheni, yaani vijikazi vilivyoandikwa tayari ambavyo programu huviazima. Kilichopo hapa, kule hakipo. Programu ikigoma, yeye huandika mbadala. Ndiyo maana wenzake wakamwita Kiraka.

Miezi miwili iliyopita alihamishia programu ya kengele ya jokofu kwenye kikompyuta kizee cha zahanati hii, anakofanya kazi dada yake mkubwa, nesi. Kengele ilipaswa kulia joto likishuka chini ya sifuri, kwa sababu chanjo hizi zikiganda hazifai tena. Mashine ikakosa fanksheni ya kukadiria desimali kuwa namba nzima. Kiraka akaandika yake chapuchapu: ongeza nusu, kata desimali. Akaijaribu kwa tatu nukta sita, ikatoa nne. Akaenda zake kunywa chai.

Hakujaribu namba hasi hata moja. Jokofu liliposhuka hadi hasi moja nukta mbili, programu iliongeza nusu, ikapata hasi sifuri nukta saba, ikakata desimali na kusoma sifuri, na kengele ikakaa kimya. Chupa arobaini za chanjo ziliganda. Kina mama kumi na tisa walirudishwa nyumbani na watoto mgongoni.

"Sikumgombeza," anasema nesi. "Nilimpelekea zile chupa tu, azione."

"Afadhali ungenigombeza, dada," anajibu Kiraka, machozi yakimlengalenga.

Mbadala ule ameuandika upya, na siku hizi kila mbadala anaupima kwa namba mia mbili, nusu yake hasi, kwenye mashine yenye fanksheni ya asili na isiyo nayo. "Jibu moja likipishana, siondoki kitini."

Kwenye skrini namba inashuka: moja, sifuri, hasi moja. Kengele inalia mpaka wagonjwa kwenye benchi wanageuka.

"Rudia," anasema nesi.

Anarudia mara tatu. Inalia mara tatu.

Sasa Kiraka anataka kuipeleka kengele hiyo kwenye zahanati nyingine tatu, kila moja na mashine ya aina yake. "Zitanitoa jasho," anasema, "lakini nitaanza na namba hasi."

Dada yake hamsikii. Amefungua daftari la kliniki kwenye majina ya wale kina mama kumi na tisa, simu iko sikioni.

"Mama mapacha? Walete watoto Jumanne. Ndiyo, kengele ya jokofu nimeihakikisha mwenyewe." Anamtazama Kiraka. "Ameitengeneza mdogo wangu, tumbo moja."